Baiskeli za Milimani Mwanza na Kando ya Ziwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Masika yakiisha na vumbi la Juni likianza kupanda, simu yangu haipumziki. Mtu amenunua baiskeli yenye tairi pana, ameangalia vilima vya mawe vinavyolizunguka jiji, na anataka kujua apite wapi na amwombe nani ruhusa. Majibu yangu ni haya. Ninapoendesha mimi ni Nyamagana, Ilemela, Misungwi na Magu, na mara chache Ukerewe, kwa hiyo msomaji wa Bukoba au Musoma ayapime na mazingira yake.

Mwanza kuna njia za baiskeli ya milimani?

Zipo nyingi sana, ila hakuna hata moja iliyotengenezwa kwa ajili yako. Vijia unavyoviona vikipenya kati ya mawe kule Bwiru, Sangabuye, Luchelele, au ukitoka Kisesa kuelekea Bujora, vimechongwa na nyayo. Ni za wanafunzi wanaokata kona wasichelewe namba, akina mama wa kisimani, ng'ombe wanaoshuka kunywa maji, na wavuvi wanaokwenda mwaloni, kwenye bandari ndogo ya mitumbwi ya samaki, kabla hakujapambazuka. Wewe unaazima tu. Ukilishika hilo, maswali mengine yote hapa chini yanakuwa mepesi.

Usitarajie mteremko wa nusu saa. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na vilima vyetu havijaliacha mbali. Anayetaka kushuka mpaka mikono ife ganzi aende Lushoto, kwenye milima ya Usambara. Raha ya huku ni nyingine: mteremko mfupi wenye mawe makubwa, ghafla mchanga wa luseni unaokumeza gurudumu, halafu unaibuka mahali na ziwa lote liko miguuni pako.

Nahitaji kibali cha nani?

Inategemea unakanyaga ardhi ya nani. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zimeigawa nchi katika ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Vijia vingi utakavyopita ukishatoka mjini viko kwenye ardhi ya kijiji, nayo iko chini ya halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Hata pale panapoonekana ni pori tupu pana mwenyewe. Lile unaloliita pori ni malisho ya mtu, au shamba lililopumzishwa, au makaburi ya ukoo.

Kwa vitendo iko hivi. Ukiwa peke yako au wawili, mnapita njia kuu ya kijiji inayopitwa na kila mtu, hakuna atakayekudai karatasi. Salimia, pita. Mkiwa kundi, au mnataka kuifanya njia hiyo kuwa yenu ya kila Jumamosi, au mnaleta wageni wanaolipa, nendeni kwanza ofisi ya kijiji. Mwoneni mtendaji, mweleze mnatoka wapi na mnapita wapi, msaini kitabu cha wageni. Kisha mwoneni mwenyekiti wa kitongoji ambacho njia inapita, kwa sababu mtendaji anaweza kuwa amehamia mwaka jana, lakini mwenyekiti wa kitongoji anajua shamba gani lina ugomvi wa mipaka na jiwe gani watu hawalipandi. Mjini, kazi hiyo ni ya mwenyekiti wa mtaa.

Hivi ninavyosema nilijifunza kwa aibu. Miaka yetu ya mwanzo tuliteremka kilima kimoja wilayani Magu, watu saba na kofia zetu ngumu na miwani, bila kumwambia mtu. Chini tukamkuta mzee amesimama na jembe begani. Hakufoka. Aliuliza tu: "Mnakimbia nini?" Tukamjibu kwa adabu zote kwamba tunafanya mazoezi. Akaliangalia jembe, akatuangalia miguu, akasema, "Mazoezi yapo. Shamba hili hapa." Tulilima matuta mawili ya viazi kabla hajatuonyesha njia, na mpaka leo tukipita kule lazima tupige hodi kwake.

Mtu akinidai hela ya kupita?

Mwombe risiti, na uliza inatolewa na ofisi gani. Ushuru halali wa kijiji au halmashauri una risiti. Anayekuomba ya soda mwite kwa jina hilo, mwombaji wa soda, uamue mwenyewe.

Hilo ni tofauti na kumlipa kijana wa pale awaongoze. Hiyo tunaihimiza, na mpatane kabla ya kuondoka. Anayetangulia mbele akisalimia watu kwa majina yao anawafungulia njia kuliko barua yoyote yenye muhuri.

Naweza kuingia na baiskeli kwenye hifadhi ya taifa?

Hapa lugha inabadilika. Kwenye hifadhi ya taifa, shughuli ambayo hifadhi haijairuhusu haifanyiki, na wa kuulizwa ni mhifadhi wa hifadhi hiyo. Mwenyekiti wa kijiji jirani hana la kusema, hata akiwa mjomba wako. Ingieni kwa geti, lipeni, fuateni masharti. Viwango hubadilika, kwa hiyo sitaviandika hapa vikaja kukudanganya.

Zilizo karibu nasi ni hizi. Saanane iko mbele ya Capri Point, dakika chache kwa boti. Ilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na ukubwa wake unazidi kidogo tu kilomita za mraba 2. Ni kisiwa cha mawe na cha kutembea kwa miguu. Kupeleka baiskeli huko ni sawa na kupeleka mtumbwi kwenye kisima. Rubondo, upande wa kusini magharibi mwa ziwa, ni hifadhi tangu 1977. Ina msitu mzito, tembo, na sokwe walioletwa miaka ya 1960, na kutembea ni pamoja na askari. Serengeti tunakutana nayo kwenye geti la Ndabaka, barabara ya Musoma, ambako ukanda wake wa magharibi unakaribia kabisa kugusa Ghuba ya Speke. Mle ndani hata mwenye gari hashuki ovyo, sembuse wewe wa baiskeli. Ile barabara ya lami inayopita nje ya geti ni ya wote, lakini usiipite giza likiingia. Nyumbu hawajui mpaka uko wapi.

Wanaouliza "mbona wenzetu wanaruhusiwa?" wana hoja. Kilimanjaro ina njia ya Kilema ambako baiskeli zinapanda kwa utaratibu maalumu. Kenya kuna Hell's Gate, karibu na Naivasha, watu wanapiga pedeli kati ya pundamilia na twiga, na katikati ya Nairobi kuna msitu wa Karura wenye vijia vyenye namba na sehemu zilizotengwa kwa baiskeli. Uganda wana Lake Mburo. Utaona kote huko kuna kitu kimoja: njia imechaguliwa, imewekewa alama na inasimamiwa. Hakuna aliyeamka tu akaingia. Tukitaka ya kwetu, tukaiombe hivyo, kwa ramani mkononi.

Na misitu ya hifadhi isiyo ya taifa?

Kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, msitu unaweza kuwa wa Serikali Kuu, wa halmashauri, wa kijiji au wa mtu binafsi. Ya Serikali Kuu iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Shamba la miti la Rubya kule Ukerewe ni mojawapo, na kwa maoni yangu ndilo lenye kivuli kizuri kuliko vyote kando ya ziwa hili. Barabara za ndani ya shamba la miti zinavutia kwa sababu ni pana na laini, lakini zimetengenezwa kwa ajili ya magari ya magogo. Pita ofisini kwao kwanza. Kuna siku wanakata miti, kuna miezi ya hatari ya moto, na mlinzi akikukuta umekaa katikati ya misonobari na jiko la gesi hatakuuliza unaitwa nani.

Ngitili ni jambo jingine, na wageni wengi hawalijui. Msukuma anapofunga eneo la nyasi mwanzo wa mvua ili mifugo ipate chakula kiangazi, hilo ndilo ngitili. Linaweza kuwa la kaya au la kijiji, na mara nyingi halina ukuta wala kibao. Utaliona tu kwamba huku nyasi zimefika kiunoni na pembeni zimekwisha. Mwenye ng'ombe anayeingiza mifugo humo kabla ya wakati anatozwa faini na wenzake. Wewe ukilikata katikati na tairi sita zikifuatana, ukawaachia njia watakayoifuata ndama kesho, umefanya kosa lile lile. Zunguka.

Hivi baiskeli inaharibu njia kweli, au ni maneno tu?

Swali hili Marekani wamegombana nalo tangu baiskeli hizi zilipozaliwa kwenye vilima vya California miaka ya 1970. Mpaka leo baiskeli haziruhusiwi kwenye yale maeneo yao wanayoyaacha kama Mungu alivyoyaumba. Mwaka 1994 ulichapishwa utafiti wa Montana uliolinganisha watembea kwa miguu, farasi, pikipiki na baiskeli kwenye njia za mlimani. Kwato na nyayo zililegeza udongo mwingi kuliko magurudumu. Waendesha baiskeli wameupenda utafiti huo kupita kiasi, wanautoa kama cheti cha ndoa.

Mimi nautazama hivi. Gurudumu moja kwenye njia ngumu iliyokauka halifanyi kitu. Lakini mtembea kwa miguu anakwenda kilomita nne kwa saa, wewe unakwenda kumi na tano. Unagusa ardhi nyingi zaidi kwa siku moja. Halafu kuna breki. Ukifunga gurudumu la nyuma kwenye mteremko wa luseni unachimba mfereji mwembamba, na mvua ya kwanza ya vuli inaugeuza korongo. Kuna kijia kimoja nyuma ya Kisesa nakifahamu tangu kikiwa upana wa mguu. Sasa kina vijia vitatu sambamba, kwa sababu cha kwanza kililiwa na maji na kila mtu akahamia pembeni. Ng'ombe walichangia, sikatai. Na sisi tulichangia, na ng'ombe hawezi kuambiwa aache.

Kwa hiyo jifunze kutumia breki zote mbili kwa kiasi, na usifunge gurudumu ili uchore mkia mbele ya kamera.

Nyakati gani nisiende kabisa?

Mbuga, yaani tambarare ya udongo mweusi, ikiwa imelowa. Udongo huo ukinyeshewa unanata kwenye tairi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, utaibeba baiskeli begani kilo zikiongezeka kila hatua. Lakini hiyo ni shida yako tu. Kubwa zaidi ni kwamba mfereji ulioacha utakauka hivyo hivyo, mgumu kama saruji, na mtoto wa shule atauvunjia kifundo cha mguu. Masika, yaani Machi hadi Mei, bakini kwenye barabara za changarawe. Vuli, kuanzia Oktoba, mnapata siku katikati ya mvua. Mchanga wa luseni unanyonya maji haraka, unapitika kesho yake. Juni hadi Septemba ndiyo raha, pamoja na vumbi lake.

Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, ikifika mwezi Juni, ukanda wa Bujora unajaa watu na ngoma. Siku hizo acha baiskeli nyumbani, nenda ukacheze.

Wanyama wanasumbuliwa na baiskeli kuliko na mtu anayetembea?

Kuna utafiti wa kisiwa kimoja cha Utah, uliochapishwa 2003, ulioona wanyama wakubwa wa pale walikimbia karibu sawa, awe mtu anatembea au anaendesha. Tofauti ya baiskeli ni kwamba inafika kimya na kwa kasi, kwa hiyo mnashtukiana mkiwa karibu.

Kwetu mnyama wa kumwogopa kando ya ziwa ni kiboko. Mchana yuko majini, jioni anapanda kula majani, na hapendi kumkuta mtu kati yake na maji. Ikifika saa kumi na mbili jioni usiwe kwenye vijia vya matete. Mamba wapo pia. Na ukishikwa na joto ukatamani kujitosa, kumbuka kichocho. Ziwa linacho, hasa pembeni kwenye maji yaliyotulia.

Wadogo wanaostahili heshima ni pimbi, na yule mjusi wa mawe dume mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, ambaye wanasayansi wamempa jina la jiji letu, *Agama mwanzae*. Anaota jua katikati ya njia yako. Atakupisha, ila mpe sekunde.

Nani anampisha nani?

Wewe unampisha kila mtu.

Aliyebeba mzigo kichwani, shuka kabisa. Tulikuwa na mwenzetu aliyekata kona chini ya kilima wilayani Misungwi, akakutana na mama mwenye ndoo. Hakumgusa. Mama aliruka pembeni na maji yakamwagika yote. Kisima kilikuwa umbali wa dakika ishirini. Tuligeuza ratiba, tukaenda kuchota, tukarudi na ndoo ikiwa nusu kwa sababu hakuna kati yetu aliyejua kubeba ndoo, tukarudi tena. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Bahati yetu alikuwa mtu wa kucheka.

Ng'ombe, simama upande wa chini wa mteremko, usipige kengele, mngoje mchungaji aseme. Mara nyingi ni mtoto wa miaka kumi. Yeye ndiye mkubwa wa njia kwa wakati huo, mheshimu. Ukikuta mbuzi, utangoja zaidi.

Wazee utawapa shikamoo, na ukiweza salamu za Kisukuma, mwangaluka asubuhi au mwadila mchana, uso wa mtu unabadilika. Ukipita kimya na miwani yako ya kioo jioni nyuma ya nyumba za watu, utaulizwa, na ni haki yao. Hii ni nchi ya sungusungu, watu wamezoea kulinda ng'ombe wao wenyewe.

Ufukweni na kwenye mialo je?

Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa dhidi ya shughuli za kudumu au zinazoharibu mazingira. Kupita si kujenga, lakini usikate matete wala kufungua kijia kipya humo. Samaki wanazaliana pale.

Mwaloni pana sheria moja isiyoandikwa popote: usikanyage dagaa. Asubuhi baada ya usiku wa giza, dagaa wameanikwa juu ya majabali, kwenye nyavu, hata kwenye mchanga, na ukiwa mbali unaweza kudhani ni jabali linalong'aa tu. Ile ni kazi ya usiku mzima na ada za shule. Mbalamwezi ikiwa kubwa, wavuvi wa dagaa hupumzika kwa kuwa taa zao hazivuti, na siku hizo mialo ina nafasi.

Tunaweza kuchonga njia mpya, tukaweka na vikilima vya kurukia?

Bila makubaliano, hapana. Ndani ya hifadhi ya msitu ni kosa la kisheria. Kwenye ardhi ya kijiji, jambo lipelekwe kwa halmashauri ya kijiji, na kama ni kubwa lifike kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mkae mkaulizwe maswali. Mtu akiuliza "sisi tunapata nini?", usimjibu "utalii". Neno hilo limeahidiwa vijijini mara nyingi. Sema kitu kinachoshikika: tutakarabati kivuko cha pale korongoni, tutalipa vijana wawili kila safari. Halafu mfanye.

Kupanda juu ya majabali yenyewe?

Baadhi, ndiyo. Itale kavu inashika tairi vizuri kuliko lami. Ila kuna mawe ya matambiko, na hayatangazwi kwa kibao. Ukiona kibuyu, chungu au kitambaa, geuka bila kupiga picha. Kuna mawe ambayo akina mama wanapasua kokoto chini yake, na jiwe ukilisogeza huku juu linafika kule chini. Na vile vilima vya ndani ya jiji, Mabatini, Igogo, Isamilo, ngazi unazoziona ni varanda za watu. Usiteremke kwenye varanda ya mtu.

Ukerewe nitafikaje na baiskeli?

Kwa meli kutoka Mwanza hadi Nansio, kama saa tatu, baiskeli inalipiwa kidogo kama mzigo. Au zunguka kwa Bunda hadi Kisorya, uvuke kwa pantoni. Kisiwa chenyewe kimezoea baiskeli kuliko jiji, watu wanabeba abiria, mihogo na mabati kwa baiskeli ya chuma isiyo na gia, wanakupita kwenye kilima wakisalimia. Inashusha kiburi.

Upande wa Sengerema, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, foleni ya pantoni imekuwa hadithi. Ninaikosa kidogo, kwa ajili ya samaki wa kukaanga tu.

Baiskeli ya umeme inaruhusiwa?

Ile ya kusaidia pedeli, kijijini hakuna atakayekusumbua, watashangaa tu. Yenye mkono wa mafuta kama pikipiki ihesabu kuwa pikipiki. Na droni ina kibali chake cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, usiirushe tu kwa kuwa uko porini. Kamera uizime ukifika karibu na kambi za jeshi.

Baiskeli ya mtumba inatosha?

Inatosha sana. Angalia fremu kwenye maungio kama ina ufa, zungusha magurudumu uone kama rimu zinayumba, na chagua gia ambazo fundi wa mtaani kwako anaweza kupata vipuri vyake. Shokapu zilizokufa ni mzigo tu, bora foki ya kawaida. Pesa ibaki kwa ajili ya breki na kofia ngumu. Na tyubu mbili za akiba, viraka, pampu: mbigili za huku hazina huruma, kuna siku nilipata pancha nne kabla ya saa nne asubuhi.

Mbwa wakinifukuza?

Shuka. Iweke baiskeli kati yako na mbwa, tembea taratibu. Usiokote jiwe, maana mwenye mbwa yuko barazani anakutazama tangu ulipotokea kwenye kona. Mpigie hodi.